Jumuiya za mtandaoni zikishika kosa la kampuni: mwongozo kwa kitengo cha mawasiliano

Oktoba 1994, Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika Chuo cha Lynchburg, Virginia, aliwaandikia wenzake barua pepe akieleza kwamba prosesa ya Pentium ya Intel inakosea kugawanya baadhi ya namba. Habari hiyo ilipofika kwenye huduma ya mtandao ya CompuServe na kwenye comp.sys.intel, kundi la majadiliano la mtandao wa Usenet, watu walijaribu hesabu ileile kwenye kompyuta zao na kuweka majibu hadharani. Intel ikajibu kwa takwimu: mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Takwimu hiyo haikumtuliza mtu, kwa kuwa watu walikuwa wanauliza jambo jingine kabisa. Walitaka kujua kampuni iliufahamu ubovu huo tangu lini, na kwa nini mteja atakiwe kwanza kuthibitisha kwamba anastahili kubadilishiwa. Tarehe 12 Desemba IBM ilisimamisha kupeleka sokoni kompyuta zenye prosesa hiyo. Tarehe 20 Intel ikakubali kumbadilishia kila aliyetaka, na hasara iliyoandikwa vitabuni ikawa dola milioni 475.

Majukwaa yamebadilika tangu hapo, ila kazi inayofanywa na jumuiya ni ileile. Wanajumuiya hupima wenyewe, hutunza kumbukumbu, huulizana maswali hadi swali moja linabaki juu ya mengine yote, kisha wanahabari huja kuliokota. Mwongozo huu ni wa yule anayekaa kitengo cha mawasiliano wakati simu zinaita na bosi anataka kitu kiandikwe sasa hivi. Kabla ya kutafuta maneno mazuri, tafuta mambo mawili: swali linaloulizwa, na ushahidi ambao waulizaji tayari wanao mkononi.

HATUA YA 1: Jua mapema wateja wako wanazungumzia wapi

Kazi hii hufanywa wakati wa utulivu. Andika orodha ya sehemu ambazo bidhaa yako hujadiliwa bila wewe kuwepo: makundi ya Facebook, majukwaa ya Reddit, seva za Discord, makundi ya WhatsApp na Telegram yanayokuruhusu kuingia kwa jina lako halisi, sehemu za maoni chini ya video za wachambuzi wa bidhaa zako. Kwa kila sehemu andika mambo manne: nani msimamizi, sheria zake kuhusu kampuni kujiunga ni zipi, watu gani huaminiwa humo, na kwa siku ya kawaida kampuni yako hutajwa mara ngapi.

Hilo la mwisho hupuuzwa, kisha huleta hasara. Bila kujua siku ya kawaida ikoje, huwezi kutambua siku isiyo ya kawaida. Chukua wastani wa wiki 4, saa kwa saa. Idadi ya kutajwa ikifika mara 3 ya wastani wa saa hiyo, mtu wa zamu aarifiwe. Lakini usitegemee idadi peke yake. Ujumbe mmoja wenye video inayoonekana vizuri ni mzito kuliko malalamiko 500 yasiyo na ushahidi. Mwaka 2004 kampuni ya kufuli za baiskeli ya Kryptonite ilipata janga lililoanza kwa ujumbe mmoja kwenye jukwaa la waendesha baiskeli: kufuli ya chuma yenye tundu la ufunguo la mviringo ilikuwa inafunguka kwa bomba la kalamu ya Bic. Wengine walijaribu, wakapiga video, wakaweka. Katika siku kama 10 kampuni ilikuwa imetangaza mpango wa kubadilisha kufuli. Mtu ambaye angekuwa anasubiri idadi ipande ndipo ashtuke angekuwa tayari amepoteza siku mbili.

Jitambulishe kwa wasimamizi wa majukwaa hayo mapema. Wengi wao ni watu wa kujitolea, hawalipwi na mtu, na hawapendi kuona kampuni ikibisha hodi siku ya shida tu. Uliza namna ya kuthibitisha akaunti rasmi kwenye jukwaa lao, kisha uithibitishe. Tarehe 27 Novemba 1994 Andy Grove, mkuu wa Intel, aliwaandikia moja kwa moja wana-comp.sys.intel, jambo la ujasiri kwa wakati ule, lakini ujumbe ulipita kwenye akaunti ya mtu mwingine. Ujumbe wa bosi usiotoka kwenye akaunti ya bosi huanza safari yake kwa kuulizwa kama ni wake kweli.

Usijifiche nyuma ya jina la bandia. Mwaka 2007 ilibainika kwamba John Mackey, mkurugenzi mtendaji wa maduka ya vyakula ya Whole Foods, alikuwa kwa miaka mingi akiandika kwa jina la kubuni kwenye jukwaa la fedha la Yahoo, akiisifu kampuni yake na kuwaponda washindani. Akaunti za namna hii hufumbuliwa: kwa mtindo wa uandishi, kwa saa za kuandika, kwa nyaraka za kesi. Zikifumbuliwa katikati ya mgogoro, kila mteja halisi anayekutetea naye ataitwa kibaraka wako.

HATUA YA 2: Saa ya kwanza

Fuata mpangilio huu bila kuruka.

1. Zima machapisho yote yaliyopangwa kutoka yenyewe, pamoja na matangazo ya kulipia na barua pepe za mauzo. Tangazo la punguzo la bei linalotoka dakika 20 baada ya video ya mteja aliyeumia hupigwa picha ya skrini na kubandikwa pembeni ya video hiyo.

2. Hifadhi ushahidi. Pakua video au picha ya awali, piga picha ya ukurasa mzima pamoja na saa na jina la akaunti, andika kiungo. Hifadhi pia kurasa zako mwenyewe kama zilivyo sasa: maswali ya mara kwa mara, masharti ya huduma, maelezo ya bidhaa. Usibadilishe hata nukta. Wayback Machine ya Internet Archive huwa na nakala za zamani za kurasa za mtandao, na wapo watu ambao kazi yao ya kwanza ni kulinganisha nakala hizo na ulichonacho leo. Kampuni ya Unity, yenye programu ya kuundia michezo ya video, ilipotangaza, tarehe 12 Septemba 2023, ada kwa kila mchezo unaosakinishwa, watengenezaji wa michezo walirudi kwenye kumbukumbu na kuonyesha kwamba hifadhi ya umma iliyokuwa ikionyesha mabadiliko ya masharti ilikuwa imeondolewa kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo na nyaraka. Mjadala wa bei ukageuka papo hapo kuwa mjadala wa uaminifu, na huo ni mgumu mara kumi.

3. Soma. Mtu mmoja apewe dakika 40 za kusoma tu, asiandike kitu. Asome ujumbe wa awali, majibu 100 yenye kura nyingi, na majibu 50 ya karibuni kabisa. Ya kura nyingi humwonyesha jumuiya imekubaliana nini, na ya karibuni humwonyesha inaelekea wapi. Tofauti kati ya mafungu hayo mawili ndiyo habari utakayoipeleka kwenye kikao.

4. Hakiki. Tafuta picha hiyohiyo kwenye mtandao kwa kutumia picha yenyewe, uone kama ni ya zamani. Linganisha namba ya toleo la bidhaa, sare, mpangilio wa duka, hali ya hewa inayoonekana. Wapigie watu wa eneo husika.

Kuhusu kuhakiki, jumuiya inaweza kuwa mkono wako wa kulia. Aprili 2009 wafanyakazi wawili wa Domino's Pizza nchini Marekani walijirekodi wakichezea chakula cha wateja kwa njia ya kuchukiza na kuweka video YouTube. Walioutambua mgahawa wenyewe, ulioko Conover, North Carolina, walikuwa wasomaji wa tovuti ya Consumerist, kwa kufuata vidokezo vilivyoonekana kwenye video. Kampuni ilipata jibu hilo bure. Ilipokosea ni pale ilipoamua kwanza kunyamaza ikitumaini moto utazimika. Ndani ya siku chache video ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni moja, na Patrick Doyle, aliyekuwa mkuu wa kampuni kwa soko la Marekani, akalazimika kutokea kwenye YouTube hiyohiyo kuomba radhi.

Je, kama ni shambulio la kupangwa? Lipo, na dalili zake zinajulikana: akaunti nyingi zilizofunguliwa wiki hiyohiyo, maneno yaleyale neno kwa neno, ujumbe unaotoka kwa dakika moja, akaunti zisizo na historia ya jambo jingine lolote. Andika dalili hizo kwa matumizi ya ndani na uwapelekee wenye jukwaa. Usitamke hadharani kwamba wanaolalamika ni roboti au wamelipwa. Katika kundi hilo wamo wateja wako wa kweli, nao wana risiti.

HATUA YA 3: Fungua daftari la madai

Hapa ndipo vitengo vingi huchoka na kukimbilia kuandika taarifa. Usikimbie. Fungua jedwali la kawaida lenye safu sita: dai kwa maneno ya wanajumuiya wenyewe, saa lilipoonekana mara ya kwanza, ushahidi walioutoa, tunachojua sisi, nani ndani ya kampuni anaweza kuthibitisha, na hali yake sasa (kweli, si kweli, kweli kwa sehemu, bado).

Safu ya kwanza ni muhimu kuliko zote. Andika maneno yao, usiyalainishe. Wateja wakisema "mmenidanganya kuhusu bei", usiandike "wasiwasi kuhusu uwazi wa bei". Ukilainisha kwenye daftari, mkurugenzi atasoma ulaini huo, atajibu ulaini huo, na jibu lake litapita kando ya swali.

Mfano mzuri wa kwa nini hesabu za jumuiya ziandikwe kama zilivyo ni Star Wars Battlefront II, mchezo wa video wa kampuni ya EA, Novemba 2017. Wachezaji walikuwa wameshalipia mchezo, kisha wakakuta wahusika wakubwa kama Luke Skywalker na Darth Vader wamefungwa, na kumfungua mmoja kunataka sarafu za mchezo 60,000. Mmoja wao akapiga hesabu akaonyesha kwamba ni takriban saa 40 za kucheza kwa mhusika mmoja. EA ilijibu kwenye Reddit kwamba lengo ni kumpa mchezaji hisia ya fahari na mafanikio. Jibu hilo lilipigiwa kura hasi zaidi ya 660,000, idadi iliyoingizwa kwenye rekodi za Guinness.

Kilichofuata kina funzo zaidi. EA ikapunguza bei za wahusika kwa asilimia 75, 60,000 ikawa 15,000. Ukisoma hapo tu, ni ushindi wa wateja. Lakini wachezaji waliufungua mchezo wakapima upya, wakakuta zawadi ya kumaliza hadithi ya mchezo nayo imeshushwa, kutoka sarafu 20,000 hadi 5,000. Habari ya punguzo ikaisha nguvu kabla ya kufika mbali. Tarehe 16 Novemba, siku moja kabla ya mchezo kutoka rasmi, kampuni ikazima ununuzi wote wa ndani ya mchezo.

Kwa hiyo daftari likae wazi hata baada ya kujibu. Kila utakachotangaza kitapimwa, na kilicho upande wa pili wa mizani kitaonekana. Kabla ya kutangaza punguzo, marekebisho au fidia, mwite mtu mmoja wa fedha au wa ufundi, mwambie: "Nitafutie kitu ambacho kimepungua kwa upande mwingine." Akikipata, kitaje mwenyewe kwenye taarifa.

HATUA YA 4: Jibu la kwanza

Lenga dakika 60 tangu ulipothibitisha kwamba tukio ni la kweli au lina dalili zote za kuwa la kweli. Halihitaji kuwa refu. Huu hapa mfano, tuseme kwa kampuni inayouza chaja za simu:

"Tumeiona video iliyowekwa leo asubuhi ikionyesha chaja yetu ikitoa moshi. Tunaichukua kuwa ya kweli mpaka uchunguzi uonyeshe vinginevyo. Kama unayo chaja ya aina hii, ichomoe sasa hivi na usiitumie. Bado hatujui chanzo ni nini, wala ni chaja ngapi zenye tatizo. Tumesimamisha kuiuza tangu saa 5:00. Taarifa nyingine itatoka hapahapa saa 9:00 alasiri, hata kama hatutakuwa na jipya."

Itazame sentensi kwa sentensi. Ya kwanza inataja kitu chenyewe, chaja na moshi, badala ya kusema "tukio" au "hali iliyojitokeza". Ya pili inamwondolea aliyeweka video mzigo wa kuthibitisha. Ya tatu ni ya usalama, na ingeweza kuwa ya kwanza kabisa iwapo kuna hatari ya mtu kuumia. Ya nne inasema usichokijua. Hii ndiyo wanasheria huifuta mara nyingi, na ndiyo inayokupa heshima kesho ukija na jibu. Ya tano ni tendo lililokwisha kufanyika. Ya mwisho ni ahadi yenye saa. Andika na ukanda wa saa, kwa sababu wasomaji wako wamesambaa nchi nyingi.

Ahadi ya saa 9:00 ikifika, toa taarifa saa 9:00. Saa 9:20 tayari kuna uzi wa mjadala wenye kichwa cha habari kuhusu ukimya wako.

Liweke jibu kwanza pale swali lilipoulizwa, ndipo tovuti yako na vyombo vya habari vifuate. Jukwaa likiwa na msimamizi, mwombe alibandike juu. Akikataa, usimsumbue.

Maneno ya kufuta kila yanapotokea: "tunalichukulia suala hili kwa uzito mkubwa", "baadhi ya wateja", "kama kuna aliyekwazika", "kinyume na taarifa zinazosambazwa mitandaoni". La tatu ni baya kuliko yote, maana linahamisha kosa kutoka kwa aliyetenda kwenda kwa aliyeumia.

Neno moja la kiofisi linaweza kuharibu siku nzima. Tarehe 9 Aprili 2017, abiria aliyekuwa tayari amekaa kwenye ndege ya United, safari namba 3411 kutoka Chicago kwenda Louisville, aliburutwa kwenye ujia ili nafasi zipatikane kwa wafanyakazi wanne wa shirika. Abiria wenzake walirekodi kwa simu. Kesho yake mkurugenzi mtendaji, Oscar Munoz, aliomba radhi kwa kulazimika "kuwapangia upya" abiria, na barua yake kwa wafanyakazi, ambayo ilivuja siku hiyohiyo, ikamlaumu abiria kwa usumbufu na ukali. Mamilioni ya watu walikuwa wameshaona damu usoni. Taarifa ya tarehe 11, iliyokubali kosa waziwazi, ilikuja baada ya kauli hizo mbili za kwanza kuwa dhihaka dunia nzima.

Yachukue mawili hapo. Andika jibu huku video inacheza mbele yako, na mtu asiyehusika asome maandishi kwa sauti wakati anaitazama; neno lisiloendana na picha litasikika lenyewe. Pili, barua ya ndani ni barua ya umma. Iandike kana kwamba itachapishwa saa moja baadaye, kwa sababu huwa hivyo.

HATUA YA 5: Kusimamia maoni bila kuchochea

Weka sheria za maoni kabla ya mgogoro, zionekane kwenye ukurasa wako, na zifuatwe vilevile siku ya shida. Yanayofutwa: vitisho, anwani na namba za simu za watu binafsi, matusi ya ubaguzi, utapeli. Yanayobaki: hasira, kejeli, nembo yako iliyochorwa upya, wito wa kususia bidhaa.

Machi 2010 Greenpeace ilianzisha kampeni dhidi ya Nestlé kuhusu mafuta ya mawese yanayotokana na ukataji wa misitu, kwa video iliyoichezea chokoleti ya Kit Kat. Video iliondolewa YouTube kwa hoja ya hakimiliki; ikawekwa kwingine na watu wakaitafuta zaidi. Kwenye Facebook, msimamizi wa ukurasa wa Nestlé aliwaonya watu kwamba maoni ya wenye picha za nembo iliyobadilishwa yatafutwa, kisha akaanza kujibizana nao kwa kejeli. Malalamiko yaliyokuwa ya misitu yakapata mguu wa pili: kiburi. Mei mwaka huohuo kampuni ilitangaza kushirikiana na The Forest Trust, shirika la kulinda misitu, kusafisha mnyororo wake wa ununuzi. Uamuzi huo ndio uliojibu hoja. Lile la Facebook halikuhusika na hoja hata kidogo, lilionyesha tu kinachoweza kutokea mtu akiachwa peke yake na kibodi.

Kwa hiyo panga zamu. Saa 4 kwa mtu mmoja, si zaidi, na wawili wawili: mmoja anaandika, mwingine anasoma kabla haijatumwa. Wape majibu ya msingi yaliyohakikiwa, lakini wasiyabandike neno kwa neno kwa kila mtu. Majibu 40 yanayofanana huonekana kama mashine, na mtu aliyepoteza pesa au afya hastahili mashine. Jibu la mtu binafsi liwe na mambo matatu: alichosema yeye, tunachojua, na anachoweza kufanya sasa.

Usijibu kila ujumbe. Jibu swali lenye kura nyingi, jibu upotoshaji unaoweza kumdhuru mtu, jibu aliyeathirika. Mwenye nia ya kubishana tu mwachie. Unaporekebisha uvumi, anza na ukweli, utaje uvumi mara moja kwa ufupi, kisha rudi kwenye ukweli na ushahidi wake. Ukianza na uvumi kwa herufi kubwa, utakuwa umeutangaza.

HATUA YA 6: Wanapotaka uamuzi ubadilike

Kuna migogoro ambayo maelezo hayaiishi, kwa sababu watu wameelewa vizuri sana na hawakubaliani. Dalili yake kwenye daftari ni hii: madai mapya yamekoma, maswali yamepungua, ila watu wanafunga akaunti. Ukiona hivyo acha kuandika ufafanuzi. Mpelekee mkurugenzi namba tatu: waliofunga akaunti au kurudisha bidhaa kwa siku, gharama ya kurudi nyuma, na gharama ya kuendelea kwa siku 30. Kazi yako kwenye kikao ni kusema waziwazi kwamba hakuna sentensi itakayolitatua.

Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ya kuchapisha kazi zinazotokana na mchezo wa Dungeons & Dragons ilivuja, na wachapishaji wadogo waliojenga riziki zao juu ya leseni ya zamani wakaona wanafukuzwa. Watu wakaanza kufuta usajili wao kwenye huduma ya D&D Beyond. Taarifa ya kwanza ya Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo huo, tarehe 13, ilijaribu kusema pande zote mbili zimeshinda, na ikawaudhi watu zaidi. Tarehe 19 kampuni ikaleta rasimu mpya pamoja na dodoso la wazi. Zaidi ya watu 15,000 walijibu. Tarehe 27 ikaiacha leseni ya zamani kama ilivyo na kuziweka kanuni za msingi za mchezo chini ya Creative Commons, leseni huria inayomruhusu yeyote kuzitumia.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyotuliza. Leseni ya Creative Commons ikishatolewa hairudishwi. Jumuiya iliyovunjika moyo haiombi ahadi nyingine, inataka kuona umejifunga mikono mwenyewe. Unapoandaa marekebisho tafuta kifungo cha namna hiyo: sharti ndani ya mkataba, mkaguzi wa nje anayechapisha ripoti yake, msimbo uliowekwa wazi, tarehe ya marejesho ya pesa yasiyohitaji maombi. Ukibadili uamuzi, sema umebadili, na useme nani amekufanya ubadili. Usidai kwamba ndivyo ulivyopanga tangu mwanzo.

HATUA YA 7: Kueleza chanzo

Ripoti ya chanzo itoke ndani ya wiki mbili, au useme kwa nini itachelewa. Kuhusu taarifa binafsi za watu zilizovuja, sheria huweka saa yake: Umoja wa Ulaya, chini ya GDPR, sheria yake ya kulinda taarifa binafsi, unataka mamlaka iarifiwe ndani ya saa 72 tangu kampuni ijue, isipokuwa pale ambapo haielekei uvujaji utawaweka watu hatarini. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa nayo isitoe kwenye jukwaa la mashabiki habari nzito ambayo wawekezaji wengine hawajaipata. Mwanasheria akae kwenye chumba kimoja nanyi, si mwisho wa foleni ya barua pepe.

Namna ya kuandika ripoti ilionyeshwa na GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji wa programu misimbo yao. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake alifuta kwa bahati mbaya saraka ya hifadhidata inayotumika. Kati ya takriban gigabaiti 300 zilibaki kama 4.5. Njia zao tano za kunakili na kuhifadhi data ziligundulika kuwa hazifanyi kazi ipasavyo. Badala ya kujificha, kampuni ilifungua hati ya umma ya kazi ya urejeshaji na kurusha matengenezo moja kwa moja YouTube. Data ya takriban saa 6 ilipotea kabisa, na walisema hivyo. Wataalamu wa kompyuta, watu wakali kwa uzembe wa namna hii, walituma ujumbe wa kuwatia moyo. Kwenye ripoti ya mwisho mhandisi hakutajwa jina, na lawama iliwekwa kwenye taratibu zilizoruhusu amri moja ifute kila kitu.

Fanyeni hivyohivyo kuhusu majina. Jumuiya ikitafuta wa kulaumiwa itamtafuta mfanyakazi wa ngazi ya chini, itachimba picha zake, itampigia mama yake simu. Mlinde: ondoa orodha ya majina kwenye tovuti, mwambie afunge akaunti zake za wazi, na msemaji atamke kwamba wajibu ni wa kampuni. Kama kuna mtu asiyehusika aliyebambikiwa, kanusheni mara moja kwa niaba yake, hata kama mambo mengine yote bado hamjayajua.

HATUA YA 8: Siku 30 zinazofuata

Rudi kwenye uzi uleule ulikoanza, siku ya 7, ya 14 na ya 30, na useme kilichokamilika na kisichokamilika: bidhaa ngapi zimebadilishwa, ngapi zimebaki, pesa zimerudishwa kwa wangapi. Mshukuru aliyegundua tatizo, kwa jina analotumia mtandaoni na kwa ruhusa yake. Usimpe bidhaa za bure kimyakimya, maana ikijulikana itasemwa umemnunua.

Kwenye daftari la madai, chukua kila dai lililothibitika kuwa kweli na uandike mbele yake tarehe ambayo mtu ndani ya kampuni alilijua kwa mara ya kwanza. Mara nyingi tarehe hiyo hutangulia video kwa wiki au miezi: malalamiko kwenye dawati la huduma kwa wateja, barua ya fundi, ripoti iliyofungiwa kabatini. Peleka safu hiyo kwa bodi, na uweke njia ya moja kwa moja ya kutoka dawati la huduma hadi kwa mtu wa zamu wa mawasiliano: malalamiko 3 yanayofanana kuhusu usalama ndani ya wiki moja yampigie simu, hata kama ni usiku.